Kadi ya Walter

Siku timu ya kocha wangu wa zamani ilipofutwa nilimpigia simu nikiwa Lamu, nikamwambia lile neno la Kiingereza tulilofundishwa shuleni kwamba ndilo pole. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto: "Unaniomba radhi ya nini? Wewe hukufanya kosa."

Nikakwama. Nilitaka kumpa pole yetu, ile unayompa mtu aliyejikwaa mbele yako, aliyetoka safari, aliyeungua na chai, aliyefiwa. Pole isiyouliza nani kakosa. Kiingereza kina neno la kuomba msamaha, na kina maneno ya msibani yanayochapwa kwenye kadi zenye maua. Mtu aliyepoteza kazi ya miaka 31 huangukia katikati ya hayo mawili, pasipo na neno. Nilijaribu kumweleza. Nilipomaliza maelezo, salio langu lilikuwa linakaribia kwisha na yeye ndiye aliyekuwa akinituliza mimi.

Kazi yenyewe hata kuieleza nyumbani ni shida. Alikuwa kocha wa timu ya farasi ya chuo kimoja kidogo mashariki mwa Marekani, nilikosoma mimi. Nilipomwambia mjomba wangu kwamba chuoni kwetu kuna timu ya farasi, aliuliza kama farasi nao hulipa karo. Timu anayoijua mjomba ni watu 11 na mpira mmoja. Yetu ilikuwa na wanafunzi thelathini na kitu, wengi wao wasichana, na farasi 22 ambao karibu wote walikuwa wa kupewa. Huyu mwenyewe alimwona kazeeka, yule alishindwa na mashindano makubwa, mwingine binti wa nyumba alimaliza shule akaenda zake na hakubaki wa kumpanda. Wakaletwa kwetu wamalizie umri wao kwa kubeba wanafunzi.

Mimi niliingia kwa kiburi cha ujana. Kwenye ubao wa matangazo paliandikwa kwamba hata asiyewahi kugusa farasi anakaribishwa, nikajiona nimewazidi wote. Nimekulia kwenye mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, mchanga na mawe ya kujengea hubebwa na punda kwenye shogi, na punda hao wana hospitali yao tangu 1987, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary. Mashindano ya punda wakati wa Maulidi nilikuwa nikiyafukuzia tangu sijaota jino la pili. Farasi ni nini, kama si punda aliyelishwa vizuri?

Siku ya kwanza kocha alinipandisha bila tandiko, mwenyewe ameshika kamba, aone nilivyo. Nikakaa kama tunavyokaa sisi, nyuma kabisa, juu ya makalio ya mnyama, miguu inaning'inia. Alinitazama kwa muda.

"Nani kakufundisha kukaa huko?"

"Nyumbani."

"Basi nyumbani wewe ni abiria. Hapa sogea mbele."

Wenzangu, vijana wa miaka 19, walimwita kwa jina lake tu, mtu wa umri wa mama zao, na yeye akaitika bila kukunja uso. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mwalimu. Aliuliza maana yake, nikamwambia, na baada ya mwaka mmoja timu nzima ilikuwa ikimwita hivyo, ingawa wao walitamka kitu kama "Malimu", na kuna aliyedhani ndilo jina la ukoo wake.

Sharti nieleze kidogo mchezo ulivyo, kwa sababu msiba wa Mwalimu umo ndani ya kanuni zenyewe. Mwaka 1967 mwanafunzi mmoja wa chuo cha Fairleigh Dickinson huko New Jersey, Bob Cacchione, alianzisha chama cha mashindano ya farasi ya vyuo, Intercollegiate Horse Show Association. Farasi ni mchezo wa wenye pesa. Mmoja aliyefunzwa vizuri anaweza kuuzwa kwa bei ya nyumba. Dawa ya chama hicho ni kwamba hakuna anayekuja na farasi wake. Chuo mwenyeji ndicho kinachotoa farasi, na kila mpandaji huchota jina kama anayepiga kura. Ukishachota unapandishwa, unarekebishiwa urefu wa rikabu, unaingia uwanjani. Hakuna kumzoea wala kumjaribu. Mwamuzi anampima mpandaji, farasi si hoja yake. Wa kwanza anapata pointi 7, wa pili 5, kisha 4, 3, 2 na 1. Tena pointi hizo ni zilezile kwa bingwa anayeruka viunzi na kwa mwanagenzi anayezunguka uwanja kwa mwendo wa matiti akiomba Mungu asianguke. Ndiyo maana mtu wa punda kama mimi niliweza kuwa na faida kwa timu.

Lakini mgeni hawezi kupandishwa juu ya mnyama asiyemjua kabisa, kwa hiyo mwenyeji hutoa maelezo mafupi ya kila farasi. Makocha wengine huchapa orodha ya maneno mawili matatu. Mwalimu aliandika kadi. Kadi ngumu za rangi ya maziwa, wino wa bluu, mwandiko wa kulala, kila farasi na yake, na kila msimu alizipitia upya usiku wa kuamkia mashindano akiwa na miwani puani na kikombe cha kahawa iliyopoa. Niliwahi kumkuta akitafuta neno kwa nusu saa. Farasi mmoja, jike la kijivu, alikuwa na tabia ya kuchomoka kila anapokaribia lango. Mwalimu aliandika "hukimbilia langoni", akafuta. Akaandika "hupenda lango", akafuta tena. Mwishowe akaandika: "Karibu na lango, mkumbushe kwamba bado upo."

Mpandaji husoma kadi kwa dakika moja, hupanda kwa dakika saba, hushuka, humpigapiga mnyama shingoni, na basi, hatamwona tena maishani. Kwa ajili ya dakika hizo saba Mwalimu alitafuta neno kwa nusu saa.

Mara yangu ya kwanza nilichota Walter. Alikuwa farasi wa kahawia, mzee, ana doa jeupe pajini na jicho la kulia lenye ukungu kama kioo cha bafuni. Nilitoka wa nne. Kwa Wamarekani wa kwanza hupewa utepe wa bluu, wa nne mweupe. Kwetu nyeupe ni kanzu ya Ijumaa na sanda, sikujua nifurahi au vipi. Mwalimu aliutazama ule utepe, akamtazama Walter, akasema, "Amekuvumilia." Ndiyo sifa kubwa niliyoipata mwaka ule.

Watu hudhani kocha ni mtu wa kusimama katikati ya uwanja akipiga kelele. Kelele zilikuwa sehemu ndogo. Saa kumi ya usiku, barafu imeganda kwenye ndoo, alikuwa ameshafika mabandani kuivunja ili wanyama wanywe. Alipiga simu za majani makavu, akabishana bei na fundi wa kwato, akamwita daktari wa mifugo kwa farasi mwenye msokoto wa tumbo na kutembea naye gizani mpaka apone au asipone. Aliendesha gari linalovuta trela. Alikaa na binti anayelia kwa sababu wazazi wake wanaachana. Kabla ya mashindano kuanza alitakiwa kuandika kwa siri jina la mpandaji mmoja katika kila daraja ambaye pointi zake ndizo zitakazohesabiwa kwa timu, naye akilikosea jina hilo anabaki na mzigo wake peke yake, maana waliokosa kuchaguliwa hawaambiwi sababu. Niliwahi kumwuliza anachaguaje. "Naangalia nani alikula asubuhi," alisema. Sijui hadi leo kama alikuwa akitania.

Na kila Mei alipoteza. Ukimfundisha mtu vizuri kwa miaka minne, ujira wako ni kumwona akivaa joho na kuondoka. Mwaka wake wa kwanza, alinisimulia, alilia hadi Juni. Baadaye akajiwekea kazi: siku inayofuata mahafali alikuwa akiosha matandiko yote, moja baada ya jingine, kwa sabuni ya ngozi na sponji, vifungo vyote vimefunguliwa, maji machafu yakitiririka kati ya vidole vyake. Nilimkuta hivyo mwaka niliohitimu mimi. Nilikuja kuaga nimevaa viatu vya sherehe. Alinipa sponji. Tukaosha hadi adhuhuri na hatukusema kitu cha maana.

Farasi nao waliondoka kwa njia yao. Wengi walifika wana miaka 15 au 16, na farasi akifika 25 ameishi. Siku daktari alipokuja na sindano, Mwalimu alishika kichwa cha mnyama mwenyewe. Hakumwachia saisi wala mwanafunzi. Kisha alikata nywele za mkia kiasi cha unene wa kidole, akazifunga uzi, akazitia kwenye bahasha na kuandika jina. Bahasha zilikaa kwenye droo ileile ya kadi. Nilipoiona droo hiyo mara ya kwanza nilidhani ni mafaili ya ofisi.

Neno lake uwanjani lilikuwa moja. Mwanafunzi anapokaribia kiunzi, hofu humwambia avute hatamu. Farasi anahitaji shingo yake kuruka. Ukimvuta, unamuumiza kinywa kwa lijamu na unamfundisha kwamba kuruka ni adhabu. Kwa hiyo mikono hutakiwa isogee mbele, ifuate kinywa. "Mwachie!" Mwalimu alipiga kelele. "Mwachie! Mwachie!" Mchana kutwa. Hata ndotoni nilimsikia.

Mafunzo hayo hayakuwa yake, na alipenda kuwataja wale alioyapokea kwao, kama shehe anavyotaja silsila. Zamani wapandaji walijiegemeza nyuma kwenye kiunzi na kuvuta. Nahodha mmoja wa jeshi la farasi la Italia, Federico Caprilli, aliona kwamba ni kumwonea mnyama, akainama mbele na kuiacha shingo huru. Alikufa Turin mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka kwa farasi, ana miaka 39. Mmoja wa waliochukua fikra hiyo alikuwa Vladimir Littauer, ofisa wa wapanda farasi wa mfalme wa Urusi. Mapinduzi yalimnyang'anya mfalme, kikosi na nchi. Alifika Marekani, akafungua na wenzake shule ya kupanda farasi New York, akaandika vitabu, akafundisha hadi uzeeni. Mawazo yake yalipata makao kwenye chuo cha wanawake cha Sweet Briar, Virginia, ambako Paul Cronin alifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Mwalimu alikuwa na vitabu vya wote wawili, majalada yamelegea. Alichompendea Littauer, nadhani, hakikuwa ufundi peke yake. Mtu yule alifundisha mabinti wa Kimarekani ukaaji wa farasi uliozaliwa jeshini, na jeshi lenyewe halipo tena popote duniani ila kwenye migongo yao iliyonyooka.

Kufutwa kwa timu kama yake hakukuwa jambo la ajabu wakati ule. Mwaka 1998 shirika la michezo ya vyuo la Marekani, NCAA, liliuweka mchezo wa farasi kwenye orodha ya michezo ya wanawake inayochipukia, ukipewa muda ufikishe vyuo 40. Huko, kwenye timu kubwa zenye ufadhili, wapandaji wawili wa vyuo viwili humpanda farasi yuleyule, mmoja baada ya mwingine, na mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilivisukuma vyuo kutafuta nafasi kwa wasichana, na timu ya farasi hubeba wasichana wengi kwa mara moja. Lakini vyuo 40 havikutimia. Mwaka 2014 ilipendekezwa mchezo uondolewe kwenye orodha. Haukuondolewa, ila woga ulishaingia: mwaka huohuo Kansas State walitangaza kuifuta timu yao na kuanzisha soka ya wanawake. Sweet Briar chenyewe, chuo kizima, kilitangaza Machi 2015 kwamba kinafunga milango. Wahitimu wake wakachanga mamilioni ya dola, wakaenda mahakamani, na kabla ya kiangazi kwisha kikaokolewa. Mwalimu aliifuata habari hiyo kila asubuhi kama watu wanavyofuata hali ya mgonjwa. Kilipopona aliniandikia barua pepe ya neno moja, kwa herufi kubwa: ALHAMDULILAHI. Nilikuwa nimemfundisha mimi. Aliikosea herufi moja, nikaiacha.

Zamu ya timu yetu ilipofika hakukuwa na mahakama. Aliitwa kwenye mkutano, akaambiwa msimu ule ndio wa mwisho, akakabidhiwa barua. Mkutano ulichukua dakika 20, alivyonihesabia. Alijua kwa sababu alikuwa amemwacha farasi na maji ya barafu mguuni na dawa yake ilitaka dakika 20. Siwezi kusema wahasibu walidanganya. Farasi hula hata chuo kikiwa likizo, bima hailali, paa la mabanda lilikuwa likivuja tangu enzi zangu. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichonikera ni kwamba barua ilimshukuru kwa "mchango" wake, neno linalomfaa aliyetoa shilingi mia mbili kwenye harambee.

Farasi walitawanywa. Wenye nguvu walikwenda vyuo vingine, wapole wakaenda kwenye kituo cha watoto walemavu wanaofundishwa kupanda, wengine waliuzwa. Mwalimu alisindikiza kila trela hadi kwenye lango la barabara kuu. Walter, akiwa na miaka 29, hakutakwa na mtu, kwa hiyo alimchukua nyumbani kwake, nyuma ya nyumba yenye ua usiotosha.

Jambo moja nimekuwa nikiliwaza sana tangu ile simu. Sisi mtu akifa tunajua la kufanya. Turubai linafungwa kichochoroni, majirani wanaleta sufuria, wanaume wanakaa kwenye mikeka, hitima inasomwa, siku ya tatu tanga linaanuliwa na anayetaka kucheka anaruhusiwa kucheka. Mjane ana eda yake, imehesabiwa siku. Msiba wetu una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mwalimu hakuwa na turubai. Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi kama kawaida, akavaa mabuti, akasimama jikoni. Aliniambia hivyo kwa kicheko: alisimama jikoni na mabuti kwa saa nzima kwa sababu Walter alihitaji ndoo moja tu ya maji na haikuwa na barafu.

Wanafunzi wake wa zamani walitaka kufanya kitu. Wakafungua kundi la WhatsApp, watu zaidi ya 200, kutoka wa mwaka wake wa kwanza hadi wa mwisho, wengine wajukuu wanao. Wakapendekeza chakula cha jioni, bango, kiti chenye jina lake. Mimi, kwa utani nusu, nikapendekeza tukae tanga. Nikaeleza. Walidhani naleta mambo ya dini, wakaniwekea vikopa. Lakini mama mmoja aliyehitimu miaka ya 1990, daktari wa meno, alinunua tiketi, akaenda kwa Mwalimu na sufuria ya supu, akakaa kwenye sofa siku tatu. Hakusema lolote la kutia moyo. Aliosha vyombo, akamwagia Walter maji, akaondoka. Akaniandikia: "Sijui kama nimefanya sawasawa." Nikamjibu kwamba amekosa mikeka tu.

Walter alikufa wakati wa baridi. Habari sikuipata kwa simu. Ilinijia kwa posta, ikachukua wiki sita kufika Lamu, bahasha ya kaki iliyopigwa mihuri pande zote, nikaifungulia pale pale barazani mjomba akichungulia. Ndani mlikuwa na nywele za mkia za kahawia zilizofungwa uzi, ambazo mjomba alizishika, akazinusa, akasema punda hana hizi. Na kadi ya rangi ya maziwa, pembe zake zimechakaa kwa kushikwashikwa. Niligeuza nyuma nikitarajia barua. Nyuma kulikuwa kutupu. Mbele ni wino wa bluu, mwandiko wa kulala. Hakukuwa na tarehe wala neno lililobadilishwa, ila mstari wa mwisho tu, ulioongezwa kwa wino mpya kidogo kuliko mingine:

"Walter. Dume aliyehasiwa. Hahitaji fimbo. Huchelewa kuanza, kisha hachoki. Usimvute. Jicho la kulia halioni: mfikie kwa kushoto, na umsemeshe kwanza."